Rafiki yako naye mwache alipe

NDUGU msomaji, yako maswali ya maadili ambayo kwa udogo wake mtu huona haya kuyapeleka kwa sheikh. Mirathi tunauliza, talaka tunauliza, riba tunauliza. Lakini ni nani umewahi kumsikia akinyoosha mkono baada ya darsa na kusema, "Sheikh, nikitoka na rafiki yangu kwenda kunywa kahawa, nani alipe?" Watu watacheka. Nami nasema swali hili si la kuchekwa, kwa sababu nimeuona urafiki wa miaka mingi ukifa juu yake, tena ukafa kimya kimya, bila ya ugomvi wala tusi, na wenyewe wawili wasijue kilichouua.

Kwetu Madimba zamani swali lenyewe halikuwapo. Kahawa yetu ni ile chungu ya kwenye dele, inayochemshwa juu ya jiko la mkaa na kunywewa kwa vikombe vidogo visivyo na mkono. Mkahawa hauoti huku. Hulimwa mbali nasi, Mbinga, Kagera na Kilimanjaro. Sisi mti wetu ni mkorosho. Hata hivyo baada ya Alasiri, na zaidi baada ya Isha, kahawa ndiyo inayotukusanya. Kikombe ni shilingi mia moja au mia mbili, kashata ni kama hivyo. Leo nalipa mimi, kesho unalipa wewe, keshokutwa atalipa yeyote mwenye sarafu mfukoni. Hakuna anayeandika hesabu, lakini kila mmoja anaijua. Ukimwona mtu ananyanyuka mapema kila ikikaribia zamu yake, atataniwa mpaka arudi na vikombe sita mkononi.

Mazoea haya yalikuwa na msingi ambao hatukuuona mpaka ulipotikisika. Sote tulikuwa tukipata pamoja na kukauka pamoja. Korosho huanza kuuzwa mwezi wa kumi, basi mwezi wa kumi na moja baraza zima lina fedha, na ikifika masika baraza zima linanywa kwa mkopo. Mwaka 2018, Serikali ilipoamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na wakulima wengi wakakaa wakisubiri malipo, hapakuwa na mtu wa kumwonea mwenzake haya kwa kukopa kahawa. Deni la wote ni kama si deni.

Lakini kabla ya hapo ilikuwa imekwisha kuja gesi. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa tangu mwaka 1982, ila kwetu ilionekana kwa macho pale magari makubwa yalipoanza kupita na mabomba, na Oktoba 2015 Rais Jakaya Kikwete akazindua mtambo wa kusafisha gesi hapa hapa Madimba na bomba la zaidi ya kilomita 500 la kuipeleka Dar es Salaam. Yaliyotokea Mtwara mwaka 2013 kila mtu anayakumbuka na si makusudio yangu kuyafukua hapa. Ninalotaka kulisema ni dogo kuliko bomba. Kwa mara ya kwanza, kwenye benchi moja la kahawa, walikaa pamoja mtu wa mshahara wa kila mwezi na mtu wa kungoja msimu. Wamesoma madrasa moja, wametahiriwa siku moja, lakini mifuko yao haijai wala haikauki tena kwa wakati mmoja.

Nawajua wawili wa namna hiyo, na majina yao nayahifadhi. Mmoja alipata kazi ya ulinzi katika kampuni moja. Mwingine ana mikorosho yake na kidau cha kuvulia. Huyu wa kwanza ni mtu wa moyo mzuri, hilo nalishuhudia. Alipopata pikipiki, wa kwanza kumpakia alikuwa rafiki yake. Kila Jumamosi wakawa wanakwenda Mtwara mjini. Walianza na chipsi kuku, wakahamia kwenye sehemu zenye viyoyozi na kahawa ya maziwa yenye povu, na mwisho wakafika kwenye pizza.

(Kwa asiyeijua, pizza ni mkate mpana wa Kitaliano uliopakwa nyanya na jibini ukaokwa. Ile ya Forodhani kule Unguja inayoitwa pizza ni jambo jingine kabisa, ni chapati iliyokunjiwa nyama, yai na kitunguu ikakaangwa kwenye chuma, na mimi nikiulizwa nitachagua hiyo ya Forodhani bila ya kufikiri.)

Mwenye mshahara ndiye aliyelipa yote. Mwezi wa kwanza ulikuwa furaha tupu. Mwezi wa pili yule mwenzake akaanza kutoa udhuru: mara tumbo, mara shamba, mara ana mgeni. Mwezi wa tatu, pikipiki ikisikika inakuja barazani, yeye ananyanyuka. Siku moja mwenye pikipiki akanijia kwa uchungu wa kweli. "Nimemkosea nini mwenzangu?" akaniuliza. "Wallahi, sijawahi hata siku moja kumwacha alipe."

Ndugu msomaji, jibu limo ndani ya malalamiko yake.

Hebu jiweke mahali pa huyo anayelipiwa. Wiki ya kwanza wewe ni rafiki aliyekirimiwa. Wiki ya tatu umekuwa mgeni. Wiki ya nane hujui wewe ni nani. Huwezi kusema "leo twende", kwa maana atakayekwenda si wewe bali ni mfuko wake. Huwezi kuchagua mahali. Huwezi kusema chakula hiki sikipendi. Kisha, na hili ndilo zito, huwezi kubishana. Hawa wawili barazani walikuwa wakibishana juu ya Simba na Yanga mpaka mwenye dele anatishia kuzima jiko. Mjini, nimeelezwa na aliyewaona, yule mmoja alikuwa akiitikia tu. Utambishia vipi mtu na kuku wake uko mdomoni? Basi mwenye mshahara alidhani kila Jumamosi anamchukua rafiki, kumbe alikuwa anamchukua msikilizaji. Rafiki alibaki Madimba tangu wiki ya pili.

Wanafalsafa waliliona jambo hili zamani. Aristotle, katika kitabu chake cha maadili chenye sehemu kumi, alitenga sehemu mbili nzima kuzungumzia urafiki. Alieleza kwamba uko urafiki wa kupata manufaa, uko wa kustareheshana, na uko wa watu wawili wanaotakiana wema kwa ajili ya wema wenyewe. Pia alieleza kwamba tofauti baina ya marafiki huvumilika mpaka kiwango fulani, na ikipanuka mno urafiki hauwezi kubaki. Imamu Ghazali naye, katika Ihya, ameweka mlango maalumu wa haki za udugu na usuhuba, akazitaja nane. Ya mwisho katika hizo nane ni kumpunguzia mwenzako uzito, yaani kuacha takalufu, asijione kila akiwa nawe kuwa lazima ajikaze, ajipambe au ajibane.

Takalufu kwa kawaida tunaijua upande mmoja tu. Tunaiona kwa masikini anayekopa sukari ili amkaribishe tajiri. Hatuioni pale tajiri anapomlazimisha masikini avae suruali ya Idi kila Jumamosi ili akae kwenye kiti cha kuzunguka. Lakini uzito ni ule ule.

Hapa najua msomaji wangu mmoja atanyanyuka. Atasema, mwandishi, unatufundisha ubahili? Wahenga si walinena kutoa ni moyo, usambe ni utajiri? Na huyo Ghazali unayemtaja si ndiye aliyesema kwamba daraja ya chini kabisa ya udugu ni kumpa mwenzako kilichokuzidi kabla hajakuomba, na daraja ya juu ni kumtanguliza yeye kuliko nafsi yako?

Ni kweli, na sirudi nyuma katika hilo. Mtoto wa rafiki yako akilazwa hospitali, zamu haipo. Akikosa ada ya shule, zamu haipo. Akifiwa, akiunguliwa nyumba, kidau kikivunjika, hapo toa mpaka uumie, tena toa usiku, na asubuhi ukikutana naye zungumzeni mengine. Anayeanza kuhesabu nani alitoa nini mwaka jana wakati mwenzake yumo katika dhiki, huyo hajawahi kuwa rafiki. Ila kahawa ya jioni haimtoi mtu katika dhiki yoyote. Hiyo ni starehe, na starehe ya marafiki wawili ina hesabu nyingine. Katika dhiki mwenzako anahitaji mali yako. Katika starehe anakuhitaji wewe, na anahitaji wewe umhitaji yeye. Ukilipa kila siku unakuwa umemwambia, bila ya kutamka, kwamba yeye hana kitu ambacho wewe unakikosa.

Ndiyo maana mimi naitetea kahawa ya dele. Si kwamba pizza ni haramu wala kiyoyozi ni bida. Naitetea kwa bei yake. Kwa shilingi mia mbili, mvuvi anaweza kumkirimu mhandisi, na mhandisi akasema ahsante ya kweli.

Ukitazama historia ya kinywaji hiki utaona kwamba urahisi wake ndio uliowashtua wakubwa. Kahawa ilienea kutoka Yemen katika karne ya 15, na masufi walikuwa miongoni mwa wa mwanzo kuinywa ili wakeshe katika dhikri. Mwaka 1511 pale Makka, kiongozi mmoja aitwaye Khair Beg alikusanya wanazuoni na matabibu, kahawa ikapigwa marufuku. Hoja zilizotolewa zilikuwa za kisheria na za afya, lakini nyuma yake palikuwa na hofu ya mikusanyiko ya watu wanaoinywa. Marufuku ile haikudumu, kwa sababu Cairo haikuikubali yote. Zaidi ya karne moja na nusu baadaye, upande wa pili wa dunia, Mfalme Charles wa Pili wa Uingereza alitangaza mwishoni mwa mwaka 1675 kwamba nyumba zote za kahawa zifungwe, na haikupita muda akalazimika kulifuta tangazo lake kwa kelele za watu. Katika nyumba hizo za London, ambazo ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1652, mtu aliweza kuingia kwa peni moja, akakaa popote penye nafasi na kusema na yeyote. Wafalme hawakuiogopa kafeini. Walichokiogopa ni peni moja, maana peni moja inaweza kumkalisha fundi viatu ubavuni mwa bwana mkubwa, na mmoja asijione kuwa ni mgeni wa mwingine.

Hata hiyo pizza, kwa asili yake, ilikuwa hivyo hivyo. Kule Napoli ilikuwa chakula cha masikini, ikiuzwa mitaani kwa vipande, na walikuwapo waliokula leo wakalipa baada ya siku nane. Watu wa mji huo wana mazoea mengine ambayo mimi nimeyapenda. Mtu akiwa na siku njema huingia mkahawani, akanywa kikombe kimoja na kulipia viwili. Baadaye akija asiye na kitu huuliza kama kipo kilicholipiwa, akanywa, akaenda zake. Aliyetoa hamjui aliyekunywa, na aliyekunywa hana wa kumwinamia. Waislamu tunaijua vizuri fadhila ya sadaka ambayo mkono wa kushoto haujui kilichotolewa na wa kulia. Kwa asiyejulikana hiyo ndiyo njia. Ila kwa rafiki haitoshi, kwa kuwa rafiki unamjua na anakujua.

Na kule Kagera, kabla ya mkahawa kuwa zao la kuuzwa, buni ilikuwa ni ya kutafunwa na kukirimiana. Wahaya walipofunga udugu wa kuchanjana, waliichukua tunda moja la kahawa, ambalo ndani huwa na buni mbili. Kila mmoja aliipaka buni yake damu yake na kumlisha mwenzake. Sisi damu haituhusu, imeharamishwa. Lakini nimekuwa nikifikiri juu ya zile buni mbili za tunda moja. Ukizitia kiganjani huwezi kusema ipi ni ya nani, na hakuna anayekula mbili.

Liko pingamizi jingine, la wale wasemao kwamba huku kukaa na rafiki bila ya jambo maalumu ni kupoteza wakati, na wakati ni neema tutakayoulizwa. Wanayo haki ya kusema. Tumefundishwa kwamba afya na faragha ni neema mbili ambazo watu wengi hupata hasara ndani yake. Viko vijiwe ambavyo mtu akitoka amebeba dhambi za kusengenya kuliko uzito wa gunia la korosho. Hata hivyo tukumbuke Mtume (saw) alivyolishughulikia jambo hili. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim aliwatahadharisha masahaba wasikae njiani. Wao wakamweleza kwamba vikao hivyo hawana budi navyo, ndipo wanapozungumza. Hakuwafukuza. Aliwaambia waipe njia haki yake, akaitaja: kuinamisha macho, kuondoa la kuudhi, kurudisha salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu. Maana yake kikao chenyewe kilibaki, kikawekewa adabu. Na katika Surat An-Nur, aya ya 61, palipotajwa nyumba ambazo mtu hana lawama kula ndani yake, za baba, za mama, za ndugu, za ami na wajomba, mwisho wa orodha ametajwa rafiki. Kisha ikaruhusiwa kula pamoja au mbalimbali. Rafiki amewekwa safu moja na damu yako, kwenye suala la chakula, si kwenye suala la vita wala biashara. Mimi sioni kwamba hilo ni jambo dogo.

Kuhusu adabu hizo niongeze moja ya nyumbani. Mwenye kukirimu barazani huku jikoni kwake hakuna unga, huyo amelipa kahawa kwa fedha ya watu wengine. Na kwa kuwa nimewataja wa nyumbani, wanawake wetu benchi la kahawa hawalikalii, kama ambavyo nyumba zile za London nazo kwa jumla zilikuwa za wanaume. Lakini wana lao. Waangalie wakibangua korosho uani au wakimenya ming'oko. Mmoja huleta chumvi, mwingine maji, mwingine kaja na mikono tu, na kesho hugeuka. Nao wakipata mwenzao aliyebahatika ambaye kila siku ndiye anayeleta yote, basi na uani huwa kimya.

Turudi kwa yule bwana wa pikipiki. Kusema kweli alitegemea nimwambie rafiki yake ana husuda, maana ndivyo alivyoambiwa na wengine. Nilimkumbusha hadithi aliyoipokea Bukhari, kwamba Mtume (saw) alisema lau angealikwa kula kwato angeitikia. Hadithi hii tumezoea kuisoma kwa ajili ya unyenyekevu wa anayealikwa. Mimi nilimwomba aisome kwa upande wa mwenye kwato. Mtu huyo hana zaidi ya hicho. Mgeni wake ni kiongozi wa umma mzima, anaweza kumwambia wewe njoo kwangu, mimi nitachinja. Hakufanya hivyo. Amekubali aende, akae, ale cha mwenzake, na mwenzake alale usiku ule akijua kwamba amemkirimu Mtume wa Allah.

Nikamwambia, Jumamosi iache pikipiki nyumbani. Nenda kwa miguu mpaka barazani, kaa, na usiagize kitu. Ngoja akuulize utakunywa nini. Akikuletea viwili vya kahawa na kashata, mkono wako usiguse mfuko. Ukisikia anakubishia habari za Yanga, mjibu kwa nguvu zako zote.

Akafikiri kidogo, akasema kahawa ile ya dele siku hizi inamkosesha usingizi. Nikamwambia yeye si mlinzi wa usiku?